Mama alishakoma hedhi, sasa anaona damu. Tungoje?

BintiLikoni: Asalaam aleikum dada zangu. Mamangu ana miaka 57, hedhi ilikoma zamani. Mwezi huu anaona matone ya damu na uchafu wenye harufu. Kemisti alimpa dawa za mkojo, hazikusaidia. Hospitali hataki: hana maumivu, na anaona haya kuvuliwa nguo. Ataka tungoje Idi ipite. Nifanyeje?

NesiKisauni: Waleikum salaam. Msingoje, mpeleke wiki hii. Mwanamke aliyekaa mwaka mzima bila hedhi kisha akaona damu, hata tone, lazima achunguzwe. Mara nyingi si saratani. Uke ukikauka kwa umri hutoa damu, na kuna vinyama visivyo na madhara. Lakini hayo hayajulikani mkiwa nyumbani. Na kutoumwa kusiwatulize. Saratani ya shingo ya kizazi haiumi mapema. Kiuno kikianza kuuma na mguu mmoja kuvimba, huenda imeshaenea.

Mkifika semeni wazi: anatoka damu baada ya kukoma hedhi. Msiombe kipimo cha siki tu, kile cha kupaka siki kwenye shingo ya kizazi na kuitazama. Kile ni cha asiye na dalili, na kwa mama wa umri huo sehemu inayotazamwa huwa imeshaingia ndani. Yeye ataka daktari aitazame shingo ya kizazi, akitilia shaka akate kipande kidogo cha nyama yake kipelekwe maabara, na mji wa mimba upigwe ultrasaundi.

MamaZuhura: Habibti, omba ahudumiwe na mwanamke mwenzake. Shangazi yangu alikubali kupimwa hospitali ya Coast General kwa sharti hilo. Akajifunika leso yake, nami nikasimama upande wa kichwa nimemshika mkono. Mwambie mapema atafanywa nini, asishtukizwe.

BintiLikoni: Amekubali, alhamdulillahi! Twavuka feri kesho asubuhi. Na mimi wa miaka 31, sina dalili yoyote?

NesiKisauni: Wewe ndiye wa kupimwa saratani ya shingo ya kizazi sasa. Shirika la Afya Duniani lashauri kuanzia miaka 30, au 25 kwa anayeishi na virusi vya ukimwi. Karibu saratani zote hizi huletwa na kirusi cha HPV, na huchukua miaka mingi kabla ya kuwa saratani, kwa hiyo ikigunduliwa mapema hutibika. Ukiwa na binti wa miaka 10, achanjwe. Kenya inatoa chanjo hiyo tangu 2019.

Mama naye, damu ikilowesha pedi nzima ndani ya saa moja au akashikwa na kizunguzungu, msingoje asubuhi. Mkimbizeni usiku huo huo.