Mjadala: Taasisi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ziunganishwe, au kila moja ibaki na bosi wake?

Wakuu habari za jioni, naomba hili tulijadili bila kurushiana maneno maana hela inayotumika ni yetu sote. Jumuiya ina sekretarieti pale Arusha, halafu pembeni kuna taasisi kibao kila moja na mkurugenzi wake, wahasibu wake, magari yake. Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria iko Kisumu, taasisi ya uvuvi wa ziwa hilohilo iko Jinja, Kiswahili Zanzibar, sayansi na teknolojia Kigali, utafiti wa afya Bujumbura, usalama wa anga Entebbe. Na michango ya nchi wanachama inachelewa kila mwaka. Msimamo wangu nausema mapema: watendaji wote wawe chini ya chombo kimoja, ofisi zibaki zilipo.

Chukua ziwa tu. Karibu nusu yake iko Tanzania, sisi huku Dar dagaa wa Mwanza tunawanunua Kariakoo kila siku, sasa magugumaji yakiziba mwalo na samaki wakipungua hiyo ishu ni ya bonde au ya uvuvi? Mvuvi yeye anaona maji yaleyale, ila huko juu ni mafaili mawili, miji miwili, bajeti mbili.

Ulaya walishapita humohumo. 1952 walianza na Mamlaka Kuu ya makaa ya mawe na chuma, Luxembourg, na 1958 zikaongezeka kamisheni mbili Brussels, moja ya soko la pamoja na nyingine ya nyuklia, yaani Euratom. Nishati ikakatwa vipande vitatu, makaa kwa hawa, nyuklia kwa wale, mafuta na gesi kwa wengine, na kipindi hichohicho mafuta ya bei rahisi yanaingia, makaa yanadoda migodini na hakuna chombo chenye mamlaka ya kuviangalia vyote kwa pamoja. Tarehe 8 Aprili 1965 wakasaini Brussels mkataba wa kuunganisha watendaji, ikaja Ufaransa ya de Gaulle kususia vikao miezi kadhaa kwa mambo ya kilimo na kura, mkataba ukaja kuanza kazi 1 Julai 1967. Vigogo 23 wa vyombo vitatu wakabaki 14 kwenye kamisheni moja, baadaye 9, rais wao wa kwanza Mbelgiji Jean Rey. Luxembourg iliyopoteza Mamlaka Kuu ikafidiwa, ikapewa Benki ya Uwekezaji ya Ulaya na baadhi ya vikao vya mawaziri. Na mikataba yenyewe mitatu haikufutwa, ule wa makaa na chuma uliisha muda wake 2002.

Mdau wa Temeke:
Mkuu umeandika vizuri ila nakupinga. Ofisi kugawana tulishagawana kwenye ile Jumuiya ya 1967, bandari Dar, reli na ndege Nairobi, posta Kampala, na 1977 ikavunjika tu, wazee wetu wakadai mafao hapa mjini miaka na miaka. Ukiweka vyote chini ya bosi mmoja Arusha, siku nchi mbili zikikorofishana vinasimama vyote, saa hizi angalau ya samaki inaendelea na samaki wake. Halafu kila taasisi ina itifaki yake, nani atazifuta?

Mleta mada:
Ndugu yangu itifaki hazifutwi, ndiyo maana nimetaja ile mikataba mitatu, unabadilisha mtendaji sheria inabaki. Kuhusu 1977 hapo sikubaliani na wewe hata kidogo. Moja ya vitu vilivyoimaliza ile Jumuiya ni kwamba mambo makubwa yalisubiri marais watatu wakae, na Amin alipochukua nchi 1971 Mwalimu akakataa kukaa naye meza moja, basi kikao cha wakuu hakipo na chini yao hakuna chombo chenye meno ya kuamua, ndicho hicho ninachokililia mimi.

Hofu ya kweli ya kuunganisha ni nyingine na sijaona mtu ameigusa. Ile Mamlaka Kuu ilikuwa inatoza ushuru moja kwa moja kwa makampuni ya makaa na chuma, haikusubiri hazina ya nchi yoyote. Zetu nyingi zinasubiri hazina, kwa hiyo ukiunganisha taasisi kibao zenye njaa bila kuzipa chanzo chao cha mapato unapata taasisi moja kubwa yenye njaa. Hilo litatuliwe kwanza, ndiyo tugombanie makao makuu.

Na kama humu kuna mtu yuko kwenye BMU, vile vikundi vya wavuvi vya kulinda rasilimali za mwaloni, za Mwanza au Mara naomba aje aseme, mkikamata nyavu haramu zilizotokea ng'ambo ya mpaka, barua mnampelekea nani na majibu yanatoka wapi?