Tupeane uzoefu: shule za "International" za ada nafuu Tabora na Kigoma, mazingira yake yakoje?

Habari zenu wakuu. Mwanangu wa kwanza anaingia darasa la kwanza Januari, tunaishi Ipuli, Tabora mjini. Uwezo wangu ni Sh 1,200,000 kwa mwaka, ada na basi humo humo. Kwa pesa hiyo nimepata shule mbili zenye neno "International" getini. Nilidhani wanafundisha mtaala wa Cambridge, kumbe ni mtaala wetu na mitihani ya NECTA, ila kwa Kiingereza. Hilo halina shida kwangu.

Shida ni hii. Ofisi za shule zote mbili zinapendeza: vigae, makochi, picha za mahafali ukutani. Ya kwanza nikaomba kuona vyoo vya watoto, nikaambiwa aliye na ufunguo ametoka. Ilikuwa saa tano asubuhi, siku ya masomo, watoto wamejaa. Nimerudi nyumbani na swali moja tu: wale watoto muda ule walikuwa wanajisaidia wapi?

Wenye watoto kwenye shule za aina hii, na walimu pia, naombeni mnieleze mliyoyaona wenyewe. Majina ya shule tuyaache.

Mama wa wawili, Isevya
Kaka, hapo kwenye vyoo usilegeze. Binti yangu alikuwa akishuka tu kwenye basi anakimbilia chooni, begi bado mgongoni. Nikaona ni tabia ya utoto. Muhula ule akaugua UTI mara mbili. Daktari akamuuliza kama anakunywa maji shuleni, akajibu, "Sinywi, nikinywa nitataka kwenda chooni." Nililia pale pale.

Nikaenda shuleni kuhesabu mwenyewe. Matundu manne ya wasichana, mawili hayana milango, na wasichana ni zaidi ya 160. Kiwango cha serikali ni tundu moja kwa wasichana 20, na moja kwa wavulana 25. Kwa hiyo walitakiwa wawe na si chini ya manane. Nikalipeleka kwenye kikao cha wazazi, nikijua kuna watakaoniona mkorofi. Kumbe wenzangu nao watoto wao walikuwa wanabana mkojo, ila kila mmoja alidhani ni wake peke yake. Tukachanga, shule nayo ikatoa fundi na saruji, yakaongezeka manne na simtanki la kunawia. Sasa hivi anakunywa chupa nzima inaisha.

Mwalimu, Gungu, Kigoma
Nimefundisha shule mbili za binafsi hapa Kigoma. Mzazi akija anaangalia rangi ya ukuta, mimi ningemwomba ainue macho juu aangalie dari. Bati tupu bila dari, mvua za Novemba zikianza hakuna kipindi. Nilikuwa naandika ubaoni na kuonyesha kwa kidole, sauti haifiki hata dawati la pili. Na jua la Septemba likiwaka, kufika saa saba watoto wamelala juu ya madaftari. Dari ni gharama, najua, lakini unamlipia mtoto asikie Kiingereza, na hasikii.

Chumba cha kompyuta nacho: shule ya pili ilikuwa na mashine 12, zinazowaka tano, na mlango ulikuwa unafunguliwa siku ya wageni. Usimuulize mkurugenzi. Tafuta mtoto wa darasa la tano umuulize mara ya mwisho aliingia lini. Maktaba hivyo hivyo. Chukua kitabu uone kama kimechakaa. Kitabu kipya kabisa kwenye rafu ya miaka mitatu maana yake hakuna aliyekigusa.

Baba, Mwandiga
Mimi nazungumzia bweni. Waraka wa mwaka 2023 umezuia bweni chini ya darasa la tano, bado kuna shule ilinishawishi nimlete wa darasa la tatu "kwa utaratibu maalumu". Nikaingia bwenini: vitanda vya ghorofa vimebanana, mlango mmoja, madirisha yote yana nondo. Mwaka 2020 kule Kyerwa, Kagera, watoto 10 walikufa kwa moto bwenini. Nikamchukua mwanangu tukarudi nyumbani. Anasoma kutwa.

Dada, Ujiji
Sisi shule yetu haina vigae hata kimoja. Ina miembe mikubwa, na chini yake viti vya saruji wanapolia uji na kusomea hadithi. Vyoo vinasafishwa mara mbili kwa siku na mama mmoja ambaye watoto wanamwamkia kama mwalimu. Uwanja ni wa mchanga, lakini ni wao, hawavuki barabara kwenda kucheza. Ada ni ndogo kuliko hiyo yako. Mwanangu akiumwa analia kwa kukosa shule.

Mkazi wa Kanyenye
Basi pia. Simama getini saa moja kasoro uhesabu wanaoshuka kwenye Noah moja. Mimi nilihesabu 17.

Mwenye mada
Asanteni sana, nimesoma yote na mke wangu. Dada wa Ujiji, hapo umenifanya nifikirie upya ile shule ndogo ya nyuma ya mtaa wetu niliyoipita bila kuingia kwa sababu ukuta haujapakwa rangi. Jumatatu naomba ruhusa kazini, naenda saa nne wakati wa mapumziko, bila kupiga simu kwanza. Naanzia vyooni. Nitaleta mrejesho hapa hapa.