Wakuu naombeni ushauri, mdogo wangu ameitwa Vietnam kucheza mpira

Kiungo_wa_Temeke: Wakuu habari za jioni. Nina mdogo wangu ni kiungo, yupo Championship ya hapa Bongo, ligi ya chini ya Ligi Kuu, mguu wa kushoto una akili sana. Kuna wakala amemwita Hanoi kwa majaribio, mama hataki kusikia, mimi ndo natakiwa nitoe neno la mwisho na usingizi sipati. Dogo anamhusudu Nguyễn Quang Hải, kiungo wa Vietnam, mfupi kama yeye, mita 1.68 tu, na alifika mpaka Ufaransa. Aende au abaki?

BabuWaJangwani: Angekuwa na kiwango Yanga wangeshambeba.

Mama_Junior: Shule kamaliza? Mtoto wa dada yangu alipelekwa Uarabuni kwa gia hiyo hiyo ya mpira, kufika wakamnyang'anya pasipoti akawa anaosha magari, ukoo mzima tukachanga nauli ya kumrudisha. Mpeleke VETA, goti likienda mpira umeisha.

Mchambuzi_Mburahati: Pole dada. Ila huyo Quang Hải watu wanajua goli lake tu. Januari 2018, fainali ya Asia U-23 kule Changzhou, China, theluji inamwagika, Vietnam wako nyuma 1-0 kwa Uzbekistan, ikapatikana faulo. Wenzake wakafukua theluji kwa mikono mbele ya mpira, jamaa akaupinda kwa kushoto ukazama kona ya juu. Walikuja kufungwa 2-1 mwishoni kabisa mwa dakika za nyongeza lakini Hanoi watu walijaa barabarani kuwapokea. Mwaka huo huo akabeba Kombe la AFF, la nchi za Kusini Mashariki mwa Asia, na uchezaji bora wa mashindano. 2022 akaenda Pau, Ligue 2, daraja la pili Ufaransa, akiwa kwenye ubora wake, benchi likamla, goli moja tu la ligi, dhidi ya Rodez. 2023 akarudi nyumbani kwa Công An Hà Nội, timu ya polisi iliyotoka kupanda daraja, wakachukua ubingwa. Yaani mfalme wa kwao, ugenini alikuwa wa kupasha misuli. Mkataba wa dogo unaisha lini?

Kiungo_wa_Temeke: Mkataba sio tatizo mkuu, naulizia maisha ya huko.

Mchambuzi_Mburahati: Unaisha lini?

Kiungo_wa_Temeke: Umebaki msimu na nusu. Ila timu hailipi mishahara, dogo keshapeleka barua ya kuacha na wakala nimeshampa hela yake. Hata Quang Hải aliondoka Hà Nội FC bure, klabu haikupata hata shilingi, mbona yeye mnampigia makofi?

Mchambuzi_Mburahati: Aliondoka bure kwa sababu mkataba wake uliisha Aprili 2022, alimaliza kazi ya watu. Dogo anatoroka, timu ikibisha, ITC, yaani kibali cha uhamisho wa kimataifa, inageuka kesi. Kama kweli hawalipi, kanuni za FIFA zipo: wakidaiwa mishahara ya miezi miwili unawaandikia, unawapa siku 15, wasipolipa unavunja mkataba kihalali. Hiyo barua andikeni upya.

Mpima_Chai: Subirini kwanza. Timu za Vietnam nafasi za wageni wanawapa mastraika na mabeki warefu. Leo wamfuate kiungo mfupi wa Championship? Na huyu mleta mada juzi alikuwa jukwaa la biashara anauza kiwanja. Hii chai, tena ya tangawizi.

Kiungo_wa_Temeke: Chai gani? Moses Oloya wa Uganda ni kiungo na amecheza Hà Nội FC pamoja na huyo huyo Quang Hải. Danny Mrwanda wetu kacheza Vietnam. Na kiwanja ndo hela ya wakala yenyewe.

Mpima_Chai: Oloya alikuwa timu ya taifa ya Uganda. Dogo wako kaitwa hata Ngorongoro Heroes, timu ya taifa ya vijana?

Mama_Junior: Nyie acheni mpira. Kiwanja cha nani?

Kiungo_wa_Temeke: Cha mama. Hati alinipa mimi nitunze.

Mama_Junior: Na anajua?

Kiungo_wa_Temeke: Mimi ndo mkubwa, baba hayupo, nani aamue? Dogo akisaini namjengea mama nyumba kwenye kiwanja kikubwa kuliko hicho.

BabuWaJangwani: Mwanangu, nilitania pale juu, sasa nakuuliza kama mzazi. Barua ya mwaliko imetoka timu gani?

Kiungo_wa_Temeke: Wakala kasema timu tutaambiwa tukifika.

Mchambuzi_Mburahati: Muulize leo leo leseni yake ya FIFA. Akizungusha, nenda polisi na risiti zako, na kabla ya polisi pita kwa mama asije akaambiwa na dalali.

Kiungo_wa_Temeke: Mnaongea kama hamjamuona akipiga faulo. Ndege ni Alhamisi.