Mjadala: Filamu za hofu ya ulimwengu zirudi kwenye madude ya kutengenezwa kwa mkono?

Mtoa mada:

Wakuu, salaam. Hoja hii nimekaa nayo muda mrefu, na nitafurahi ikipingwa kwa nguvu. Filamu za kutisha zinazogusa hofu ya ulimwengu zinapaswa kurudi kwenye madude yanayotengenezwa kwa mkono: mpira, silikoni, waya, pampu na gundi. Sijasukumwa na mapenzi ya vitu vya kale. Dude likiwepo mbele ya kamera, mwongozaji analazimika kuamua mapema, na filamu za aina hii huharibika haraka kuliko nyingine zote pale uamuzi unapoahirishwa.

Tuelewane kwanza kuhusu hiyo hofu. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Katika filamu nyingi za kutisha zimwi linatujua: muuaji ana kisasi, mzimu una madai, jini lina sharti lake. Unaweza kulisihi, kulihadaa au kulilipa. Filamu ninazozungumzia zina zimwi lisilotujua kabisa. Lilikuwepo kabla ya binadamu, halituchukii, na likitumaliza halitajua kwamba tuliwahi kuwepo. H. P. Lovecraft, mwandishi wa Marekani aliyefariki mwaka 1937, aliijenga hofu hiyo kwenye hadithi zake, na mara nyingi alipofika kwenye kiumbe chenyewe aliandika kwamba hakielezeki. Kwenye karatasi hilo linapita, tena linapita vizuri. Kamera haina njia ya kusema "hakielezeki". Lazima kitu fulani kisimame mbele yake.

Mfano wangu mkubwa ni The Thing ya mwongozaji John Carpenter, ya mwaka 1982. Jina hilo kwa Kiswahili ningelitafsiri Dude bila kusita, maana dude ndicho kitu unachokiona na ukakosa jina la kukiita. Tuko kwenye kituo cha utafiti Antaktika. Mtu kaanguka, moyo umesimama, daktari anamshtua kwa umeme. Anapokandamiza tena, kifua kinafunguka kama mdomo, kina meno, na kinamkata mikono yote miwili. Aliyekatwa mbele ya kamera alikuwa mtu ambaye kweli hakuwa na mikono. Alivishwa sura ya bandia ya mwigizaji na mikono ya bandia, na lile taya lilikuwa mtambo.

Halafu angalia kichwa cha yule mgonjwa. Kinajivuta kutoka mwilini polepole, ngozi ya shingo inanyooka, inakuwa nyembamba, inakatika nyuzi kwa nyuzi, na ute wa kijani unachuruzika bila haraka. Kinatua sakafuni. Kinatoa ulimi mrefu, kinajiburuta kwa ulimi huo, kisha kinaota miguu ya buibui na kuondoka zake. Hakimshambulii mtu. Hakimwangalii mtu. Nimeirudia sehemu hiyo mara nyingi sana, na kinachonitisha kila mara ni huko kuondoka. Sisi wote chumbani hatuna maana kwake.

Fundi wa madude hayo, Rob Bottin, alikuwa na miaka 22 alipoanza kazi ile. Mpiga picha, Dean Cundey, ilibidi apime kila taa, kwa sababu mwanga ukizidi mpira unaonekana mpira. Kwa hiyo waliamua siku ile ile: hapa paonekane, pale pabaki giza, hili lidumu sekunde tatu tusilione tena. Hayo maamuzi ndiyo hofu yenyewe.

Sasa linganisha. Mwaka 2011 ilitoka filamu yenye jina lile lile, inayosimulia yaliyotangulia. Alec Gillis na Tom Woodruff Jr. wa Amalgamated Dynamics, kampuni inayotengeneza madude ya filamu, walijenga madude kamili yenye mitambo, yakaletwa kwenye seti, yakapigwa picha. Baadaye sehemu kubwa ya kazi hiyo ikafunikwa kwa picha za kompyuta. Matokeo yake unayaona: waigizaji wanatazama kitu kimoja, sisi tunaonyeshwa kingine. Kiumbe kinaonekana chote, kwenye mwanga, kwa muda mrefu, kwa sababu hakuna kitu kilichowazuia kukionyesha.

Mchangiaji wa kwanza:

Mkuu, nimekusoma vizuri, na hicho kichwa cha buibui nakiheshimu kama wewe. Ila umechukua mfano bora kabisa wa upande wako ukaupambanisha na mfano dhaifu wa upande wa pili. Nitakupa mitatu ya kukusumbua.

Wa kwanza ni filamu yako hiyo hiyo. Ilipotoka 1982 ilifanya vibaya sokoni, na wahakiki wengi waliilaumu kwamba imeonyesha kupita kiasi, kwamba ni kinyaa kitupu. Leo tunaisifu, lakini lawama ile haikuwa ya kijinga. Kama zimwi kweli halielezeki, kulichonga kwa mpira ni kulipunguza. Linakuwa na uzito, urefu, na mahali pa kupiga risasi au kuwasha moto. Ukishajua linaungua, ulimwengu umeshakuwa mdogo.

Wa pili ni Harbinger Down ya 2015. Hao hao Gillis na Woodruff, baada ya kazi yao kufunikwa, walichangisha watu zaidi ya dola 300,000 na kutengeneza filamu yao yenye madude ya mkono. Gillis mwenyewe aliiongoza. Madude yapo, ute upo, mwanga umepimwa. Mimi niliitazama hadi mwisho na sikuogopa hata mara moja. Wahusika hawana uhai, kwa hiyo wakigeuzwa dude hupotezi chochote.

Wa tatu ni Godzilla Minus One ya mwaka 2023. Kiumbe ni cha kompyuta. Watu 35 tu walitengeneza shoti 610, na Machi 2024 wakachukua tuzo ya Oscar ya athari za picha. Pale baharini kiumbe kinapoifuata ile mashua ndogo ya mbao, nilishika kiti. Sikumbuki kama nilijiuliza ni mpira au ni kompyuta.

Kwa hiyo mkuu, unachokitetea ni filamu nzuri. Nani anapinga filamu nzuri?

Mtoa mada:

Ahsante sana mkuu, hapo ndipo nilipotaka tufike.

Naanza na wa tatu kwa sababu wewe umeuleta dhidi yangu nami nauchukua. Takashi Yamazaki aliyeiongoza ile filamu ndiye pia aliyesimamia athari za picha. Yaani aliyekuwa anasema "kamera iwekwe hapa" ndiye aliyejua dubwana litakaa wapi kwenye fremu na litakuwa na uzito gani. Hakukuwa na ofisi nyingine ya kuja kulibadilisha miezi kadhaa baadaye. Aliamua mapema kama Bottin na Cundey walivyoamua. Kompyuta inaweza, sikatai. Ninachosema ni kwamba kompyuta inakuruhusu kuahirisha, na watu wengi wakiruhusiwa kuahirisha wanaahirisha. Mpira haukuruhusu. Ukishamwaga kwenye kalibu, umeamua.

Harbinger Down nakubali. Haikunitisha na mimi. Dude la mkono halifufui wahusika waliokufa tangu ukurasa wa kwanza wa hadithi.

Lakini la kwanza silikubali. Unasema kulichonga zimwi ni kulipunguza. Hilo ni kweli kwa zimwi lenye umbo moja. Tazama kazi ya Bottin uniambie umbo lake ni lipi. Huwezi. Kila tunapoliona liko katikati ya kugeuka: nusu mbwa, nusu ua la nyama, sura mbili za watu zimeyeyukiana kama nta. Hatuonyeshwi kiumbe, tunaonyeshwa kuvurugika kwa viumbe tunavyovijua. Na moto nao hausaidii: filamu inaisha watu wawili wamekaa kwenye theluji, kila kitu kinaungua nyuma yao, na hakuna anayejua kama mwenzake bado ni mtu. Hapo ulimwengu umekuwa mdogo kweli?

Mchangiaji wa pili:

Habari zenu. Ninyi wawili mnazungumza kama watazamaji. Mimi nimewahi kuchanganya lateksi ya filamu fupi, kwa hiyo niruhusuni niulete mkono wenyewe kwenye mjadala.

Lateksi ya maji, yaani mpira ukiwa bado majimaji, inanuka amonia hadi macho yanatoa machozi. Unapaka tabaka moja, unasubiri likauke, unapaka jingine, na ukikosa subira unapata kiputo cha hewa mahali pabaya kabisa, puani au pembeni ya jicho, na kazi ya siku mbili inatupwa. Dude letu lilikuwa mkono mmoja tu, mkono mrefu wenye vidole saba. Siku ya kupiga picha gundi ililegea kwa jasho la mwigizaji na kidole kimoja kikaanza kuning'inia. Mwongozaji akasema kiacheni. Ndicho kidole ambacho kila mtazamaji alikikumbuka. Hiyo ni zawadi ya mpira, nakubaliana na kaka mtoa mada: kitu kinakosea kwa namna ambayo hukuipanga, na kosa hilo linaonekana hai.

Lakini kuna upande ambao hamjaugusa. Bottin alifanya kazi siku saba kwa wiki kwa zaidi ya mwaka, na mwishoni alilazwa hospitali kwa uchovu. Kuna siku mvuke wa vifaa vyake ulijaa kwenye seti, wakawasha mwali mdogo kwa ajili ya kamera, moto ukalipuka. Au chukueni Alien ya 1979. Aliyevaa vazi la lile dude ni Bolaji Badejo, Mnigeria mwanafunzi wa sanaa huko London, mrefu zaidi ya mita 2. Kwa sababu ya mkia hakuweza kukaa kwenye kiti cha kawaida, wakamtengenezea kitu kama bembea apumzikie. Ule mwendo unaotutisha ni mwili wa mtu anayevumilia. Tunaposema "zirudi", tunasema nani arudi humo ndani?

Mtoa mada:

Dada, umenigusa, na sina jibu la kufunika hilo. Nitasema moja tu: mzigo haukuondoka kwenye mpira ukaenda mbinguni, ulihama. Februari 2013 kampuni ya Rhythm & Hues, iliyomtengeneza chui milia wa filamu ya Life of Pi, ilifilisika. Mwezi huo huo kazi hiyo ikachukua Oscar, na mamia ya mafundi wa kompyuta walikuwa nje wakiandamana. Anayeumia kwenye seti tunamwona. Anayeumia mbele ya skrini usiku wa manane, akibadilisha dude kwa mara ya arobaini kwa sababu mkubwa fulani hajaridhika, hatumwoni. Kuamua mapema kungemsaidia huyo pia.

Na kuhusu Badejo, jina lake lingetajwa kila mahali sura ya lile dude inapouzwa. Watu wanalijua jina la H. R. Giger aliyelibuni, na ni haki yake. Mtu aliyelitembeza wengi hawamjui.

Mchangiaji wa kwanza:

Dada kasema kweli. Basi ngoja nibaki na swali moja, maana bado sijashawishika. Ukubwa. Hofu ya ulimwengu kwa asili yake ni ya vitu vikubwa kupita akili. Kichwa chenye miguu ya buibui kinatosha juu ya meza. Mtanionyeshaje kwa mpira kitu kikubwa kuliko mlima? Hapo si kompyuta pekee?

Mtoa mada:

Mkuu, swali zuri, na jibu limo ndani ya mfano wako mwenyewe. Godzilla wa kwanza, wa 1954, alikuwa mtu ndani ya vazi. Haruo Nakajima alibeba vazi la takribani kilo 100 akatembea katikati ya mji mdogo wa kuchongwa. Walipiga picha kwa kasi kubwa kuliko kawaida, kisha wakaionyesha kwa kasi ya kawaida. Mguu unachelewa kutua, vumbi linachelewa kushuka, na jicho linahesabu lenyewe: kitu kinachochukua muda huu wote kuanguka lazima kiwe kikubwa mno. Ukubwa ulitoka kwenye muda.

Na kuna njia nyingine. Katika filamu ya In the Mouth of Madness, Carpenter huyo huyo anamkimbiza mtu kwenye handaki lenye giza, na nyuma yake yanakuja madude ya mkono yamebanana kama ukuta. Unaona jicho, kucha, kitu chenye ute, halafu hapana. Hakuna hata moja linaloonekana lote. Mimi sijawahi kuweza kuyahesabu, na nimejaribu.

Ila nakupa hili: kwa kitu kinachojaza anga nzima, cha mbali, kisichogusana na mtu, sina mfano wa mpira wa kukuonyesha. Anayeujua autaje hapa.

Mchangiaji wa pili:

Huenda hautahitajika. Annihilation ya 2018 ina yule dubu anayelia kwa sauti ya binadamu. Kwenye seti kilikuwepo kichwa cha kweli, kiliwekwa karibu na nyuso za waigizaji waliofungwa kwenye viti, na kompyuta ikaja baadaye kukamilisha. Tazama shingo zao wanavyojizuia wasigeuke. Mimi ningetaka waandaaji waombwe hilo tu: pale dude linapogusa mtu, liwepo chumbani. Yakiwa angani, mkuu, chukua kompyuta yako.

Mchangiaji wa kwanza:

Hapo naweza kusaini. Lakini mtoa mada hajasema kama na yeye anasaini.

Mtoa mada:

Nasaini nusu. Dude likifunikwa baada ya picha kupigwa, kama 2011, makubaliano yamevunjika.