Nani apelekwe kwenye mafunzo ya kilimo hifadhi?

Swali:
Wanajukwaa, habari za kazi. Mimi ni mwenyekiti wa kijiji milimani Uluguru, nami nimeombwa kupendekeza watu wa kufunzwa kilimo hifadhi, yaani kulima bila kuuvuruga sana udongo na kuuacha umefunikwa, ili wawaelimishe wenzao. Je, niwapeleke wenyeviti wa vitongoji, ambao husikilizwa mkutanoni, au wakulima hodari wasio na cheo?

Jibu la kwanza:
Ndugu Mwenyekiti, milima hiyo hiyo ina somo lake. Serikali ya kikoloni ilipowatumia machifu kuwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi, ghasia zilizuka mwaka 1955, na haukuwa ukaidi mtupu, kwani udongo wa juu ni mwembamba na uchimbaji ule uliibua udongo usio na rutuba. Cheo pekee hakitoshi.

Jibu la pili:
Nakubali, ila mkulima asiye na cheo naye hukwama pale mifugo ya jirani inapokula mabua aliyoyaacha yafunike udongo, kwa kuwa hapo inahitajika sheria ndogo ya kijiji. Sisi tuliwapeleka wawili wawili, kiongozi na mkulima. Walifundishwa kutengeneza fremu A, kifaa cha kupimia usawa wa ardhi, kwa miti mitatu, kamba na jiwe; waliporudi, mama mmoja alipima kontua (mistari ya kimo kimoja inayokingama mteremko) shambani kwake kwanza, na majirani wakaja wenyewe kuazima kifaa.

Mwuliza swali:
Nashukuru sana. Na posho mlilipa?

Jibu la pili:
Nauli na chakula tu. Waliofuata posho walijiondoa mapema.