Naomba ushauri: mchoro wa ghorofa jipya hapa Malindi

Assalaam aleikum ndugu zangu. Mtaani kwetu kuna jengo la ghorofa kumi linataka kujengwa, na wakazi tumeitwa tutoe maoni juu ya mchoro. Sura yake ya mbele ni vioo vitupu, na inaelekea magharibi. Jua la alasiri la Malindi mnalijua. Sijaona kibaraza wala kivuli cha dirisha hata kimoja.

Kinachoniuma zaidi ni chini, anakopita mtu. Upande wote wa barabara ni ukuta wa maegesho ya magari, bila mlango wala duka, na bomba la moshi wa jenereta limetokezea usawa wa uso wa mpita njia. Mama wa mahamri ataketi wapi? Mji wa kale wa Lamu, ulio Urithi wa Dunia tangu 2001, una madaka (sehemu za kuingilia zilizo mbele ya mlango) na baraza za mawe. Mtu hupumzika kivulini kabla hata hajabisha hodi.

Wachoraji na mafundi, nisaidieni: tushikilie nini kwanza, maduka chini au vivuli juu? Na fremu za chuma zilizoandikwa kwenye mchoro, zitahimili chumvi ya bahari? Mkutano ni wiki ijayo.