Bekoo ikipata moto haiendi mbele, rivasi inapiga fresh. Fundi anataka tushushe giaboksi

mzee_wa_kifusi:
Wakuu habari za saa hizi. Nina bekoo (mashine ya kuchimba na kupakia udongo) ya 4x4, ya zamani kidogo, ile yenye liva ya mbele na nyuma pembeni ya usukani. Asubuhi ikiwa ya baridi inapanda na kifusi bila kulalamika, ila ikishapiga kazi kama saa moja hivi unaweka fowadi inachelewa kuingia, injini inalia tu, af inajivuta, mwisho inagoma kabisa. Rivasi haina neno hata iwe ya moto vipi, imefika mahali saiti tunatoka kwa rivasi mpaka barabarani watoto wanashangilia. Oili nimeongeza, hamna kilichobadilika. Fundi wa hapa kaisikiliza dakika mbili kasema klachi zimekwisha, nikatafute giaboksi used nzima tubadilishe, na hela aliyotaja ni ya kununulia gari la kutembelea. Kuna kitu naweza kupima kwanza au ndo basi tena?

opareta_nyundo:
Cheki hendibreki mkuu. Kuna bekoo swichi ya hendibreki ikifa mashine inadhani umeivuta, inakata draivu. Na kile kitufe kwenye liva ya baketi ya mbele kinachokata draivu ukiwa unabeba, waya wake ukichubuka unaweza kukata wenyewe bila kubonyezwa.

spana_19:
@opareta_nyundo hivyo vyote vinaua mbele na nyuma kwa pamoja, na jamaa kasema rivasi inapiga.

Mzee hapo kwenye rivasi ndo penye jibu lako. Pampu ya giaboksi ni moja, filta moja, konveta moja (ile inayopitisha nguvu ya injini kwenda giaboksi kwa oili), vyote vinahudumia mbele na nyuma. Pampu ingekuwa imechoka au chujio la chini limeziba, rivasi nayo ingelia. Njia zinaachana kwenye solenoidi (vali za umeme zinazofungulia oili): mbele ina yake, nyuma ina yake, na kila moja inapeleka oili kwenye paketi yake ya klachi (sahani zilizopangwa pamoja, oili ndo inazibana). Kwa hiyo ugonjwa uko kati ya swichi ya liva na paketi ya mbele, konveta usiiguse.

Anza na umeme maana haugharimu kitu. Piga kazi mpaka igome, sehemu ya wazi, watu wakae mbali kabisa, zima mashine, badilishana plagi za solenoidi ya mbele na ya nyuma, washa. Sasa liva ya mbele itakupeleka nyuma usije ukashtuka ukagonga mtu. Mashine zenye kompyuta zinaweza kukuwashia taa ya fault, ila ya zamani haina shida. Ukiweka liva rivasi na ikaenda mbele vizuri, basi ni waya au swichi ya liva. Isipokwenda, umeme unafika vizuri, tatizo liko chini yake.

mzee_wa_kifusi:
Nimefanya leo ikiwa ya moto. Liva mbele inarudi nyuma fresh, liva rivasi haiendi popote.

spana_19:
Safi, waya na swichi tumezitoa. Zima, fungua solenoidi zenyewe zibadilishane nafasi kama zinafanana namba, na uangalie oringi zake (ringi ndogo za mpira). Tatizo likihamia rivasi, unanunua solenoidi moja unaendelea na maisha.

dada_mitambo:
Hata kabla ya hapo chomoa dipstiki unuse. Ikinuka kuungua na imekuwa nyeusi, sahani zimeshateleza sana. Ikiwa nyeupe kama maziwa kuna maji yameingia, na maji yanabandua ile karatasi ya kwenye sahani. Af oili uliyoongeza ni ipi? Watu wanamimina ya injini iliyobaki stoo halafu wanashangaa klachi inateleza. Na kuipima, kuna mashine unapima ikiwa ya moto inaunguruma kwenye nyutro, nyingine unapima imezimwa, ukikosea unadhani imejaa kumbe haijajaa.

mzee_wa_kifusi:
Oili imekuwa nyeusi na inanuka kidogo, maji hamna. Solenoidi nimebadilishana, bado mbele ndo inagoma.

spana_19:
Basi geji ya presha. Kwenye giaboksi kuna plagi za kupimia, ya mbele na ya nyuma. Tafuta kibati cha giaboksi yenyewe, siyo cha mashine, maana bekoo nyingi zinafungwa giaboksi ya kampuni nyingine, unakuta Carraro ya Italia au ZF ya Ujerumani, na presha inayotakiwa iko kwenye kitabu chake. Pima baridi, pima moto. Presha ikiwa nzuri na bado inateleza, sahani zimekwisha. Presha ikishuka upande mmoja, oili inavuja ndani kwenye ringi za shafti au sili za pistoni ya ile paketi. Oili ya moto ni nyepesi, ndo maana asubuhi inakudanganya.

mzee_wa_kifusi:
Nimeazima geji. Baridi zinalingana. Moto, ya nyuma imeshuka kidogo tu, ya mbele haifiki hata nusu ya ya nyuma.

spana_19:
Kushusha utashusha, hapo fundi wako hajakosea. Ila giaboksi nzima ya nini? Unataka ringi, sili na sahani za paketi ya mbele. Used ya mtaani nayo hujui kwa nini ilitolewa. Wakifungua waangalie ile mifereji ya shafti ringi zinapokaa, ikiwa imelika ringi mpya hazitadumu. Na kwa oili iliyoungua ningebadili sili za rivasi pia, sahani zake apime kwanza.

dada_mitambo:
Wakati wa kurudisha msimamie kwenye konveta. Lazima iingie mpaka ishike meno ya pampu, izunguke kwa mkono kabla hamjakaza bolti hata moja. Fundi akianza kuvuta giaboksi kwa bolti ili iingie, msimamishe, hapo anavunja pampu. Na ile rejeta ndogo ya oili ya giaboksi na paipu zake zioshwe, uchafu wa sahani za zamani umejaa humo.